Sentensi ya Kwanza ya Mwalimu Elineema

Kila alfajiri, kabla magari ya Ruangwa hayajaanza kupiga honi stendi, Makrina alikuwa ameshafika nyuma ya Gesti ya Mapumziko mjini Nachingwea. Alifagia uwanja wa jikoni, akakoka moto wa kuni, akainjika sufuria kubwa ya maji ya kuoga wageni. Kisha alimwaga kisamvu kwenye ungo na kukichambua jani kwa jani, akitupa vijiti na majani yaliyozeeka. Kisamvu hicho kilitoka Naipingo, shambani kwa mama yake, nacho kililetwa kila jioni kikiwa kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

Kukitwanga tu kulichukua nusu saa. Kilipochemka na kulainika, alikitia korosho zilizotwangwa mpaka zikawa rojo lenye mafuta. Mchuzi wa kuku nao aliuzitisha kwa karanga za kusaga. Hakuna mtu wa Nachingwea aliyewahi kumuuliza kama kisamvu chake kina korosho, kama vile hakuna anayeuliza kama uji una maji. Huku korosho ikiwamo katika mboga haitajwi. Ikikosekana, hapo ndipo watu huuliza.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, binti yake Lusiana alirudi kutoka Ruangwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kule Ruangwa aliishi kwa mama yake mdogo na kusoma katika shule inayofundisha kwa Kiingereza. Alirudi na sanduku la bati, ndala mpya na dharau. Sanduku lilikuwa na kufuli. Dharau haikuwa na kufuli, ilimwagika kila mahali.

"Mama, huo moshi unanuka mpaka kwenye nywele zangu," alisema siku ya kwanza, amesimama mlangoni mwa jiko ameziba pua.

"Moshi huu ndio uliokusomesha," alijibu Makrina bila kuacha kutwanga. "Shika mchi."

"Nitachafua mikono."

"Mikono huoshwa. Shika mchi."

Lusiana aliushika kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota mjusi.

Juma hilohilo mwenye gesti, Bwana Gwakisa, aliwakusanya wafanyakazi wake chini ya paa la bati mbele ya mapokezi. Alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Tukuyu miaka mingi iliyopita, mwenye duka la vipuri na tumbo la kutangulia. Aliwaeleza kwamba wageni wengi kutoka nchi za nje walikuwa wanakuja kupima miamba ya madini upande wa Ruangwa. Gesti za Ruangwa zilikuwa zimejaa, hivyo wengine wangelala Nachingwea kwa wiki tatu. Mapumziko ingepata kumi na wawili. Viongozi wa mji walikuwa wameandaa darasa la Kiingereza kwa wote watakaowahudumia wageni hao: wapishi, watandika vitanda, mama ntilie na bodaboda. Darasa lingekuwa katika ukumbi wa parokia, kila siku saa kumi alasiri.

"Nawaambia mapema," alisema Bwana Gwakisa. "Mpishi asiyeweza kuelewana na mgeni hana kazi kwangu. Dar es Salaam nina mpishi ananisubiri nimpigie simu. Kosa la kwanza, napiga."

Alimtazama Makrina aliposema hivyo. Makrina alikuwa amepika katika jiko lile miaka tisa, na elimu yake ilikuwa ya darasa la saba. Hakuwa na kazi nyingine.

Teodosia, mwanamke mwembamba aliyetandika vitanda, aliinua mkono. "Na wewe bosi, utakuja darasani?"

"Mimi nikae benchi moja na wapishi? Kiingereza changu nilikimaliza shuleni."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Alikimaliza shuleni, akatoka bila kubaki na hata neno moja. Lakini nani angemwambia?

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Elineema, mtu wa Same aliyehamishiwa Nachingwea kufundisha sekondari. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mashati mawili yaliyofuliwa sana na simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira. Siku ya kwanza walifika wanafunzi kumi na tisa. Walikaa kwenye mabenchi ya kwaya wakiwa na madaftari mapya magotini, wakitazamana kama watoto waliopelekwa kuchanjwa. Lusiana hakuingia. Alisimama dirishani na mwavuli wa mama yake, tayari kucheka.

Wengi walitegemea kuanza na salamu. Mwalimu Elineema aliandika ubaoni maneno mengine, akayasoma polepole kwa Kiingereza, kisha akayaeleza kwa Kiswahili.

"Hii ndiyo sentensi yetu ya kwanza: Sijui. Tafadhali subiri. Nitauliza."

Kicheko kilipita kwenye mabenchi. Adinani, kijana wa bodaboda aliyevaa koti la mvua wakati wa kiangazi, alisimama.

"Mwalimu, nimeacha abiria stendi nije kujifunza kusema sijui? Hiyo mbona hata kwa Kimwera naweza."

"Unaweza kweli? Mtu akikwambia umpeleke Ruponda, kwenye nyumba usiyoijua, unamwambia hujui?"

"Hapana. Namwambia panda, twende. Tutauliza mbele."

"Na unamfikisha?"

Adinani alikuna kisogo. "Mmoja nilimfikisha Naipingo."

Ukumbi mzima ulicheka, na Adinani akacheka kuliko wote. Mwalimu alisubiri wamalize.

"Basi huyo wa Naipingo alikuwa Mswahili mwenzako. Alikutukana mkaelewana, mkarudi. Mgeni akikuuliza kitu ukajibu ndiyo, hana njia ya kujua kwamba ndiyo yako ni tupu. Ataifuata. Kwa hiyo tunaanza na hii. Semeni."

Waliisema mara arobaini. Makrina, asiyejua Kiingereza kinavyoandikwa, aliiandika jinsi alivyoisikia: Ai du noti noo. Plizi weiti. Ai wili aski. Aliandika kwa herufi kubwa za duara, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Darasa lilipokwisha, Mwalimu alimwona Lusiana dirishani. "Karibu ndani kesho, mwanangu. Utawasaidia wakubwa."

"Asante, Mwalimu, lakini haya nilisoma darasa la tatu."

"Na hii sentensi ya leo mliisoma?"

Lusiana alifikiri kidogo. "Hiyo hatujafundishwa. Kwetu ukisema hujui unasimama mpaka kipindi kiishe, na wenzako wanakuzomea."

"Ndiyo maana naifundisha," alisema Mwalimu Elineema, akachukua chaki zake, akaondoka.

Njiani Lusiana alilifungua daftari la mama yake, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

"Ai du noti noo," alisoma kwa sauti ya kukejeli. "Mama, wageni wakiona maandishi haya watadhani ni dawa ya mganga. Halafu umeandikisha jina darasani ili ujifunze kusema hujui. Si wangekuona tu, wakajua?"

Makrina alichukua daftari lake, akalifunga, akaliweka kwapani.  Kuna watoto ambao wakijua maneno mia moja ya lugha ya watu, hujiona wamezaliwa na mama mwingine. Ukiwakemea hudhani umewaonea wivu.

Siku zilizofuata Mwalimu alikuja ukumbini na ndoo, shuka, sabuni, kijiko na yai. Walijifunza majina ya vitu hivyo kwa kuvishika. Makrina alijifunza moto, baridi, chumvi, nyama, samaki. Jioni alirudia maneno hayo akiosha sufuria, na Lusiana akamsahihisha kutoka mlangoni kwa sauti ya puani aliyoiokota kwenye televisheni.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfikia Bwana Gwakisa. Alisimama akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja asali.

"Mtoto wako huyu alikuwa wapi siku zote? Huyu ndiye atakayesimama mezani, aongee na wageni. Wewe Mama Lusiana ubaki jikoni, usitokeze. Na kadi za vyakula aandike yeye."

Makrina alifurahi, si kwa ajili ya sifa. Aliona kwamba mtoto akiongea vizuri, mpishi wa Dar es Salaam ataendelea kusubiri simu.

Ijumaa alasiri walikaa kwenye mkeka, Lusiana na kalamu za rangi, mama yake na ungo wa mchele.

"Andika, kisamvu kina korosho," alisema Makrina. "Mchuzi wa kuku una karanga. Mwalimu ametuambia mgeni aambiwe kilichomo, maana hakukulia kwetu."

Lusiana alikunja uso. "Mama, hoteli gani inaandika mambo ya kinu? Watatuona washamba."

"Waone wanavyotaka. Andika."

Lusiana aliandika kwa Kiingereza, kwa rangi ya kijani, maneno yenye maana ya mboga za majani za Kiafrika. Kwa rangi nyekundu aliandika kuku wa kifalme katika mchuzi. Alichora na ua pembeni.

"Umeandika korosho?"

"Nimeandika yote, mama."

Makrina aliishika kadi, akaitazama. Hakuweza kuisoma. Aliona ua, akaridhika.

Wageni walifika Jumamosi saa saba mchana kwa magari mawili yaliyofunikwa vumbi jekundu la barabara ya Ruangwa. Walikuwa wanaume tisa na wanawake watatu, wengi wao kutoka Brazili. Mkalimani wao alikuwa amebaki Ruangwa kumalizia karatasi, angekuja jioni. Bwana Gwakisa alivaa suti. Aliwapa mkono wote, mmoja mmoja, akisema neno moja lilelile la karibu kwa Kiingereza, mara kumi na mbili.

Lusiana alisimama nyuma ya meza ndefu, nywele zimesukwa, gauni limepigwa pasi. Chakula kilikuwa kimepangwa katika masufuria yanayong'aa: wali, kuku, kisamvu, maharage. Alisalimia vizuri. Alisema karibuni, chukueni sahani, tafadhali. Wageni walitabasamu. Bwana Gwakisa alitoa kifua mbele kama aliyemzaa yeye.

Mgeni wa nne alikuwa bwana mmoja mwenye ndevu za mvi, aliyeitwa Paulo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kwani lugha yake ilikuwa Kireno. Aliisoma kadi ya kijani kwa makini. Kisha akaonyesha kisamvu kwa kidole, akauliza jambo. Lusiana hakulielewa. Moyoni alicheka: kumbe hata wazungu wengine hawajui Kiingereza.

Bwana Paulo aliuliza tena, polepole. Halafu akatoa mfukoni kikaratasi kigumu kilichofunikwa kwa plastiki, akampa. Kilikuwa na maandishi mekundu. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno mawili marefu ambayo Lusiana hajapata kuyaona. Alihisi uso wake unapata moto. Nyuma ya mgeni watu wanane walikuwa wamesimama na sahani tupu. Bwana Gwakisa alikuwa anatazama. Angetulia akasoma taratibu, katika mstari wa tatu angekutana na neno la Kiingereza la korosho, analolijua tangu darasa la pili, na la karanga likiwa jirani yake. Lakini mtu anayejua Kiingereza hasomi taratibu mbele za watu. Ndivyo alivyodhani.

Akamrudishia kikaratasi chake. Akatabasamu, akasema kwa ile sauti ya puani kwamba ndiyo, hakuna shida, ni nzuri sana.

Bwana Paulo alimtazama tena. Akagonga kikaratasi kwa kidole, mara ya tatu.

"Hakuna shida," alirudia Lusiana, na kwa mkono wake mwenyewe akamtilia vijiko viwili vya kisamvu, na kuku juu.

Makrina alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni, mahali alipoamriwa asitokeze. Aliona yote, hakusikia chochote cha maana. Akamwita binti yake kwa mnong'ono.

"Lusi. Yule bwana amesema nini?"

"Amesema chakula kinanukia vizuri."

"Na kikaratasi?"

"Mambo yao tu, mama. Rudi ndani, bosi anaangalia."

Makrina hakurudi. Alikuwa amewapakulia watu chakula miaka tisa. Anayesifu chakula hukinusa, au hulamba midomo. Hatoi karatasi mfukoni, wala haigongi kwa kidole mara tatu. Alimwona Bwana Paulo akikaa, akichukua kijiko, akikijaza kisamvu.

Alitoka. Alitoka na mwiko mkononi, na kanga yenye masizi kiunoni, akapita katikati ya wageni moja kwa moja. Aliushika ukingo wa sahani, akaivuta. Kijiko kilibaki hewani. 

"Ai du noti noo," alisema Makrina. Kila neno lilitoka. "Plizi weiti. Ai wili aski."

Bwana Paulo aliweka kijiko chini. Alimtazama kama mtu aliyetafutwa akapatikana. Akampa kikaratasi.

Bwana Gwakisa alifika kwa hatua za haraka, tabasamu limemganda usoni kwa ajili ya wageni, meno yakisaga maneno kwa Makrina. "Umemnyang'anya mgeni sahani. Mbele ya watu. Una wazimu?"

"Ameuliza kitu, bosi. Hakujibiwa."

"Amejibiwa na mtoto anayejua. Wewe unajua nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda kuuliza."

Bwana Gwakisa alitoa simu yake mfukoni. Hakusema anampigia nani, na hakukuwa na haja. Makrina aliiona simu, akaielewa vizuri kuliko Kiingereza chochote. Hata hivyo alitoka nje na sahani mkono mmoja na kikaratasi mkono mwingine. Simu ya Mwalimu Elineema haikupokea picha, hivyo Makrina alimpa kikaratasi Adinani, aliyekuwa getini na pikipiki yake akisubiri abiria.

"Mpelekee Mwalimu. Yupo ukumbini anapanga mabenchi. Akisome, na kama anaweza aje. Na ukumbini unakujua, Adinani?"

"Hapo napajua, dada Makrina," alisema Adinani, na safari hii hakuwa na mzaha.

Zilipita dakika kumi. Wageni wengine walikula. Bwana Paulo alikaa mikono imepumzika mezani, akinywa maji, bila haraka. Lusiana alisimama nyuma ya masufuria yake. Alitamani mama yake aaibike, kisha akaogopa kwamba ataaibika, kisha hakujua tena anatamani nini. Bwana Gwakisa alikuwa pembeni na simu sikioni, akimwambia mtu wa upande wa pili asikate, asubiri kidogo.

Pikipiki iliingia. Mwalimu Elineema alishuka akiwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia mtu.

"Amekula?" aliuliza.

"Hajaonja," alisema Makrina.

Mwalimu alishusha pumzi. Akainua kikaratasi, akatafsiri ili wote wenye Kiswahili wasikie: "Mtu huyu mwili wake haupokei korosho wala karanga, hata kidogo. Akila, koo lake litavimba na kuziba. Anaweza kufa. Tafadhali niambie kama chakula hiki kina vitu hivyo."

 Makrina aliitazama sahani aliyokuwa bado ameishika. Kisamvu chote kilikuwa korosho. Kuku alikuwa ameogelea kwenye karanga. Aliiweka sahani chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Mwalimu akazichukua kadi za vyakula, akazisoma mstari kwa mstari. "Hapa pameandikwa mboga za majani na kuku wa kifalme. Korosho haipo. Karanga haipo. Nani aliandika?"

Bwana Gwakisa alikuwa tayari na jibu. "Jikoni kwa nani? Mama Lusiana, hiki ni chakula chako. Ungeniletea maiti ndani ya gesti yangu."

"Ni jikoni kwangu, bosi," alisema Makrina. Aliinamisha kichwa. Alimtazama binti yake mara moja tu, akaacha.

Lusiana aliona mama yake anavyoubeba mzigo ule, kama alivyobeba kuni na maji, bila kuuliza ni wa nani. Aliona pia simu ya Bwana Gwakisa, bado iko wazi, na mtu wa Dar es Salaam ndani yake anasubiri.

"Ni mimi," alisema. Sauti ya puani ilikuwa imepotea. "Mama aliniambia niandike korosho, nikakataa. Akaniuliza, nikamdanganya. Na kile kikaratasi sikukielewa. Nilijibu ndiyo ili mnione najua."

Mwalimu Elineema akamgeukia mwenye gesti.

"Na wewe Bwana Gwakisa? Nimeambiwa ulikuwa umesimama hapa. Wewe ulisikia mgeni anauliza nini?"

Bwana Gwakisa alikohoa. "Mimi nilikuwa namsikiliza mtoto."

"Ulielewa alichosema mtoto?"

Bwana Gwakisa aliinua simu, akasema, "Nitakupigia siku nyingine, ndugu," akaikata. Kisha akaagiza soda kwa watu wote. Wapo watu ambao neno samahani limewakwama kooni kuliko korosho ilivyoweza kumkwama yule mgeni. Wao huomba radhi kwa soda.

Makrina alichukua sufuria mpya, ambayo haijawahi kupikiwa kitu. Aliiosha mara mbili, akaosha na mikono yake mpaka kwenye viwiko. Alimchemshia Bwana Paulo ndizi kwa chumvi na mayai matatu. Bwana Paulo alikula yote. Alipomaliza aliinuka, akaenda hadi mlango wa jikoni, akamshika Makrina mikono yote miwili, akainama kama watu wanavyomwinamia mama yao.

Alasiri ile Lusiana alipewa kadi mpya kumi na mbili na kalamu moja ya bluu. Hakukuwa na ua. Alikaa jikoni, kwenye moshi, na kwa kila sufuria aliuliza: "Mama, humu mna nini?" Mama yake akamtajia, kuanzia mafuta mpaka chumvi. Neno asilolijua kwa Kiingereza aliliandika pembeni kwa Kiswahili, ili akamuulize Mwalimu. Maneno ya pembeni yalifika tisa.

"Mama," alisema mwishowe, "nisamehe nilivyokudharau."

Makrina aliendelea kusugua sufuria kwa majivu. "Kunidharau mimi nimekusamehe siku nyingi. Watoto hudharau wazazi, kisha hukua. Lakini leo ulimdharau aliyekuuliza. Mtu anakuja kwako na uhai wake mkononi anataka ukweli, wewe unampa tabasamu. Anayejifanya anajua hamheshimu anayeuliza, Lusi. Anaona sura yake mwenyewe ina thamani kuliko koo la mwenzake. Kutojua si aibu. Nimepika miaka tisa bila Kiingereza na hakuna aliyekufa. Leo Kiingereza kimekuja na uongo ndani yake, nusura tuzike."

 Lusiana alishika majivu kwa mkono mzima, akaanza kusugua sufuria ya pili.

Jumatatu saa kumi alikuwa ukumbini, benchi la mbele, kati ya mama yake na Teodosia. Adinani alifika amechelewa, akiwa na habari zake. Asubuhi alikuwa amempata mgeni anayekwenda Ruponda. Alimwambia sentensi ya kwanza, akaulizia kwa watu watatu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake mtu aliyekwenda Ruponda alifika Ruponda.

"Basi tunairudia," alisema Mwalimu Elineema, "kwa sababu tuna mwanafunzi mpya."

Wote waligeuka. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, kama mtu anayesubiri gari, alikuwa amekaa Bwana Gwakisa. Alikuwa ameficha daftari ndani ya gazeti.

Waliisema sentensi pamoja, Lusiana kwa sauti iliyo wazi kuliko zote. Sauti moja tu haikusikika vizuri.

"Bwana Gwakisa, peke yako," alisema Mwalimu kwa upole. "Usione haya. Ukianza na sijui, mengine yote yatapata mahali pa kukaa."

Bwana Gwakisa alisimama, akafuta jasho, akafungua kinywa. Neno la kwanza lilimpotea. Akatembea hadi benchi la mbele, akaangalia kwenye daftari la mpishi wake, pale palipopigwa mstari kwa rula, akasoma.